Mageuko ya viumbe na kutokea kwa spishi mpya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila mada ya mageuko inapoguswa. Mengine yanajibika kwa sentensi mbili tatu. Mengine yanadai subira, na hayo ndiyo niliyoyapa nafasi kubwa.

Mageuko ni nini hasa?

Ni kubadilika kwa mchanganyiko wa jeni, yaani maelekezo ya urithi ambayo mzazi humpa mtoto, ndani ya kundi la viumbe, kizazi hadi kizazi. Lishike hilo neno kundi, maana likikuponyoka, yote yanayofuata yatakuchanganya. Kiumbe mmoja hageuki: huzaliwa na jeni zake na hufa nazo. Kinachobadilika ni hesabu, yaani wangapi katika kundi wana jeni ya aina gani.

Tazama tembo wa Gorongosa, Msumbiji. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya 1977 na 1992, tembo waliwindwa kwa ajili ya pembe mpaka zaidi ya asilimia 90 wakaangamia. Kabla ya vita, kiasi cha jike mmoja katika kila watano alikuwa hana pembe kwa kuzaliwa. Baada ya vita, waliokuwa hivyo walifika nusu ya majike wote. Hakuna tembo aliyepoteza pembe kwa kuogopa bunduki. Wenye pembe waliuawa kwa wingi, wasio nazo wakabaki, wakazaa, na mabinti zao wakarithi. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba chanzo kiko kwenye kromosomu ya X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, na kwamba badiliko hilohilo linaelekea kuua mimba za kiume. Ndiyo maana dume asiye na pembe haonekani.

Kwa hiyo twiga hakurefusha shingo kwa kujinyoosha?

Hapana. Mnyoosho wa maisha ya mzazi mmoja hauingii kwenye jeni za mtoto, kama ambavyo fundi mwenye mikono yenye sugu hazai mtoto mwenye sugu mikononi. Haja peke yake haiumbi jeni. Mimi hukwepa hata kusema kwamba mnyama fulani "alijibadilisha ili aishi", kwa sababu ndani ya sentensi hiyo mna nia, na nia haimo.

Basi tofauti zenyewe hutoka wapi?

Hutokana na makosa ya kunakili. Kila chembe hai ya mwili inapogawanyika, DNA, yaani kemikali ambamo jeni zimeandikwa, hunakiliwa, na mara chache herufi moja hukosewa, au kipande hurudiwa, kuruka au kugeuzwa. Mtoto wa binadamu huzaliwa na mabadiliko mapya yapatayo 60 au 70 ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Mengi hayana athari yoyote, machache yana madhara, na mara mojamoja moja hufaa. Juu ya hayo, uzazi wa jike na dume huchanganya jeni upya kila mara. Ndiyo sababu ndugu wa tumbo moja hawafanani kabisa, pacha wa kufanana wakiwekwa kando.

Kama yote ni bahati, inakuwaje viumbe wafae mazingira yao vizuri hivyo?

Si yote. Kutokea kwa badiliko ni bahati, lakini kubaki kwake mara nyingi si bahati. Hapo ndipo unapoingia uteuzi asilia, yaani wenye sifa zinazofaa kuishi na kuzaa zaidi ya wengine, wazo ambalo Charles Darwin na Alfred Russel Wallace walilifikia kila mmoja kwa njia yake, na maandishi yao yakasomwa pamoja London mwaka 1858.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Daphne Major, kisiwa kidogo cha Galápagos, katika bahari ya Pasifiki. Wanabiolojia Peter na Rosemary Grant walianza kuwapima ndege wa kisiwa hicho mwaka 1973, wakiwavisha pete za miguuni na kuandika vipimo vya midomo yao mmoja mmoja. Mwaka 1977 mvua haikunyesha. Mbegu ndogo laini zililiwa zikaisha, zikabaki kubwa na ngumu, zikiwemo za mbigili zenye miiba. Ndege wa aina moja waliyokuwa wakiifuatilia walikufa kwa wingi, na waliosalia walikuwa kwa wastani wakubwa zaidi na wenye midomo minene zaidi, kwa kuwa hao waliweza kupasua mbigili. Watoto wao walizaliwa na midomo minene vilevile.

Wasimulizi wengi huishia hapo, na huo ni nusu ya mkasa. Miaka michache baadaye, El Niño (joto la bahari ya Pasifiki linalovuruga hali ya hewa) ya 1982 na 1983 ilileta mvua za kupindukia, mbegu ndogo zikajaa kisiwani, na sasa wenye midomo midogo ndio waliofanikiwa. Uteuzi haukuwa ukiwapeleka ndege hawa popote. Ulikuwa ukijibu hali ya mwaka huo, basi.

Je, kila badiliko katika kundi limeletwa na uteuzi?

La. Bahati tupu nayo hubadilisha makundi, hasa yaliyo madogo. Ukirusha sarafu mara elfu utapata karibu nusu kwa nusu. Ukiirusha mara sita, upande mmoja unaweza kutawala bila sababu. Jeni nazo ni hivyo. Mwaka 1962 nzi wanaong'ata walizuka katika kreta ya Ngorongoro, Tanzania, na simba wa humo, waliokuwa sitini na zaidi, wakapungua hadi kama kumi. Madume saba kutoka nje waliingia baadaye, na kundi likajaa tena, lakini kwa miongo kadhaa simba wote wa kreta walikuwa uzao wa waanzilishi kumi na tano tu. Watafiti walipochunguza mbegu za madume hao waliona zenye kasoro ni karibu nusu, takriban mara mbili ya zile za simba wa Serengeti walio jirani. Jeni zilizopotea hazikuwa mbaya. Wenye kuzibeba tu ndio hawakuwa miongoni mwa waliobahatika.

Kuna pia uhamiaji. Mgeni mmoja anayeingia na kuzaa huleta jeni ambazo kundi halikuwa nazo. Makundi yanayobadilishana wageni hubaki yakifanana, na yanayoacha kubadilishana huanza kuachana. Hilo tutalihitaji hivi punde.

Spishi ni nini?

Jibu la vitabuni, ambalo mwanabiolojia Ernst Mayr alilipa umbo mwaka 1942, linasema: spishi ni makundi ya viumbe wanaozaana wao kwa wao, na ambao hawazaani na makundi mengine kwa namna inayoendelea. Farasi ana kromosomu 64, punda 62. Wakizaa, hutoka baghala mwenye 63, mnyama hodari wa kazi lakini tasa karibu siku zote. Farasi na punda, basi, ni spishi mbili.

Jibu hilo ni zuri mpaka ulitumie. Bakteria hawapandani. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika miambani, haviwezi kujaribiwa kama vingezaana. Kuna mimea inayochanganyika na jirani zake bila kuona haya na bado kila mmoja unabaki na sura yake. Kwa tembo wa Afrika, ilifika mwaka 2021 ndipo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, lilipowaorodhesha wa savana na wa misituni kama spishi mbili, ingawa jeni zao zinaonyesha walianza kuachana mamilioni ya miaka iliyopita na bado huzaana mahali pachache wanapokutana. Kuhusu twiga, uchunguzi wa jeni wa mwaka 2016 ulipendekeza spishi nne pale ambapo vitabu viliandika moja.

Watu hukasirishwa na utata huu, wakidhani ni uzembe wa wanasayansi. Mimi nauona kama ushahidi. Kama spishi hutokana na kuachana polepole, ni lazima wakati wowote utakaotazama uwakute baadhi ya viumbe wakiwa katikati ya safari. Dunia ambamo kila mpaka uko wazi ndiyo ingetutia shaka.

Kundi moja huachanaje hadi kuwa spishi mbili?

Njia inayojulikana zaidi ni kutenganishwa kimahali. Kizuizi hutokea, ubadilishanaji wa jeni hukatika, kila upande hukusanya mabadiliko yake, na baada ya muda mrefu pande mbili zikikutana tena haziwezi au hazitaki kuzaana.

Mto Kongo umefanya hivyo kwa sokwe. Kaskazini mwake wako sokwe mtu wa kawaida, kusini wako bonobo, na sokwe si waogeleaji. Waliachana kati ya miaka milioni moja na mbili iliyopita. Leo wanatofautiana hata kwa tabia: kwa sokwe mtu madume ndio wenye sauti, kwa bonobo majike huungana na kuwadhibiti madume.

Kwa upande wa baharini, shingo ya nchi ya Panama ilifunga njia kati ya Pasifiki na Karibi takriban miaka milioni tatu iliyopita. Kamba wadogo wanaoalika gando zao kwa kishindo waligawanywa, huku wengine na kule wengine. Nancy Knowlton na wenzake waliwakusanya kutoka pande zote mbili, wakawaoanisha kila mmoja na ndugu yake wa upande wa pili. Mara nyingi sana hakikuzaliwa kitu. Hakuna aliyewapangia kuchukiana. Kutokuelewana kwao ni zao la pembeni tu la kukaa mbalimbali.

Lazima pawe na mto au bahari katikati?

Si lazima, na hapa Ziwa Victoria lina mengi ya kutufundisha kuliko karibu mahali pengine popote duniani.

Ziwa hilo lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa upya. Tangu hapo samaki wadogo waitwao furu wametoa humo spishi zipatazo 500: walao konokono, wakwanguao mwani mawemawe, walao samaki wenzao, hata wanaonyonya mayai na makinda kutoka vinywani mwa akina mama wanaowatunzia humo. Kasi hiyo iliwasumbua wanasayansi kwa muda mrefu, kwani miaka 15,000 ni kufumba na kufumbua. Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 2017: furu wa eneo hilo wanatokana na chotara wa koo mbili za kale, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Naili. Uchotara uliwapa akiba kubwa ya jeni za zamani, zikawa zinapangwa na kupangwa upya badala ya kusubiri makosa mapya ya kunakili.

Jenasi moja, yaani kundi la spishi za karibu, ya samaki hao ina jina la kisayansi ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa: Pundamilia. Ndani yake kuna Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la kibuluu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Julius Nyerere, ambaye dume lake ni jekundu na la manjano. Wanaishi kwenye miamba ileile. Lakini maji ya ziwa huchuja mwanga wa buluu kadiri unavyozama, unabaki mwekundu. Walioishi chini kidogo wamekuwa na macho yanayohisi zaidi wekundu, na majike wao huvutwa na madume mekundu. Wa juu huvutwa na buluu. Hakuna ukuta, kuna macho na mapenzi tu, na hayo yametosha kuwatenga.

Yametosha pale maji yalipo safi. Mahali ambapo maji yamechafuka kwa udongo na mwani, rangi hazionekani vizuri, majike hawatofautishi, na spishi mbili huyeyuka kuwa kundi moja la rangi za katikati. Utengano ambao haujakomaa unaweza kurudi nyuma. Kuhusu sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuchangia kutoweka kwa furu wengi, hiyo ni habari nyingine ndefu yenye uchungu wake.

Spishi mpya inaweza kutokea kwa kizazi kimoja?

Kwa mimea, ndiyo. Wakati mwingine mmea chotara hujikuta na seti zote za kromosomu za wazazi wawili zikiwa maradufu. Una rutuba, lakini hauwezi tena kuzaa sawasawa na mzazi yeyote kati ya wawili hao. Katika majimbo ya Washington na Idaho, Marekani, mimea mitatu ya jenasi Tragopogon iliyoletwa kutoka Ulaya ilikutana mwanzoni mwa karne ya 20, na kufikia mwaka 1950 mtaalamu Marion Ownbey aliweza kueleza spishi mbili mpya zilizozaliwa kwa njia hiyo, ambazo hazikuwepo Ulaya. Ngano ya mkate nayo ni ya namna hiyo: kromosomu zake 42 ni mkusanyiko wa seti za nyasi tatu tofauti.

Kuna aliyeshuhudia spishi ya mnyama ikianza?

Turudi Daphne Major. Mwaka 1981 dume mmoja mgeni, mkubwa kuliko wenyeji, alitua kisiwani. Jeni zilikuja kuonyesha kwamba alitoka Española, zaidi ya kilomita 100 mbali. Hakuwa na njia ya kurudi. Akapandana na jike wa kienyeji. Watoto wao waliimba wimbo wa baba, ambao majike wa kisiwani hawakuuitikia, wakaishia kuoana wenyewe kwa wenyewe. Baada ya vizazi vichache tu, ukoo huo ulikuwa umejitenga kwa wimbo na kwa umbo la mdomo. Kama utadumu vya kutosha kuitwa spishi, wataalamu wanatofautiana. Ukoo wa ndege wachache kiasi hicho unaweza kufutwa na ukame mmoja.

Kwa viumbe wenye vizazi vifupi, unaweza kutazama ukiwa maabara. Tangu Februari 1988, Richard Lenski na wenzake wamekuza makundi 12 ya bakteria E. coli yaliyoanzia kwa mzazi mmoja. Baada ya vizazi zaidi ya 31,000, kundi moja kati ya yote 12 lilianza kula sitrati, kemikali iliyo kwenye chakula chao cha maabara, mbele ya oksijeni, jambo ambalo bakteria hao kwa kawaida hawaliwezi.

Binadamu ametokana na nyani?

Hapana, na kwa Kiswahili swali lenyewe limekosea mlango, maana nyani ni yule mwenye mkia anayetembea makundi makundi mbugani. Tulio karibu naye zaidi ni sokwe, na hata kwake hatukutoka. Tuna babu mmoja, aliyeishi kama miaka milioni sita au saba iliyopita, ambaye hakuwa sokwe wa leo wala binadamu.

Mbona basi sokwe bado wapo?

Wewe na binamu yako mna babu mmoja. Kuzaliwa kwako hakukumfuta binamu.

Ukitaka alama ya undugu huo, hesabu kromosomu. Sokwe wana 48, sisi 46. Kromosomu yetu ya pili ni mbili za kale zilizoungana ncha kwa ncha, na katikati yake bado mna mabaki ya ncha hizo, mahali ambapo ncha hazina kazi ya kuwepo.

Binadamu bado anageuka?

Ndiyo. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni mfano mzito. Herufi moja tu katika jeni ya hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ikibadilika, mwenye nakala mbili za badiliko hilo huugua selimundu; mwenye nakala moja hulindwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Penye malaria nyingi, faida ya wenye nakala moja imeibakiza jeni hiyo kizazi baada ya kizazi, licha ya mateso ya wenye mbili. Uteuzi asilia hauna huruma, wala hautafuti ukamilifu.

Uwezo wa mtu mzima kumeng'enya sukari ya maziwa nao ulizuka zaidi ya mara moja. Badiliko lililoenea Ulaya si lile lililogunduliwa mwaka 2007 kwa wafugaji wa Afrika Mashariki, ingawa yote mawili yanafanya kazi ileile, katika eneo lilelile la DNA.

Mageuko si nadharia tu?

Ni nadharia, kama ilivyo nadharia kwamba magonjwa huletwa na vijidudu. Katika sayansi neno hilo halimaanishi dhana ya kubahatisha. Lina maana ya maelezo yaliyojaribiwa yakastahimili. Mwaka 2004 watafiti waliokuwa wakimtafuta kiumbe wa kati ya samaki na wanyama wa miguu minne walichagua miamba ya umri uliotakiwa, takriban miaka milioni 375, kaskazini kabisa mwa Kanada. Wakampata Tiktaalik: magamba ya samaki, shingo inayogeuka, na mapezi yenye mifupa ya kiwiko na kifundo cha mkono.

Haya yana faida gani kwa mtu asiye mwanasayansi?

Uliza waliowahi kupewa dawa isiyofanya kazi. Vimelea vya malaria ni kundi kama makundi mengine: dawa huua vinavyoathirika, sugu hubaki kuzaana. Usugu dhidi ya klorokwini ulienea hivyo. Malawi iliacha kuitumia mwaka 1993, na hapo likatokea jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Dawa ilipoondoka, usugu haukuwa tena na faida, vimelea visivyo sugu vikarudi kutawala, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikuta klorokwini ikiponya karibu wagonjwa wote waliopewa. Haikurudishwa kutumiwa peke yake kama zamani, kwa sababu iliyo wazi: ungeanza mchezo uleule.

Spishi iliyotoweka inaweza kurudi kwa mageuko?

Yenyewe, hapana. Lakini mfano wake unaweza. Kwenye kisiwa cha Aldabra, Shelisheli, aliwahi kuishi ndege wa jamii ya kukuziwa asiyeruka, uzao wa ndege warukao waliotoka Madagaska na kupoteza uwezo huo kwa kukosa adui wa kumkimbia. Miaka takriban 136,000 iliyopita bahari ilipanda, ikafunika kisiwa chote, wakafa. Bahari iliposhuka, ndege warukao walikuja tena kutoka kulekule, na uzao wao ukapoteza tena uwezo wa kuruka. Mifupa ya kabla na baada ya gharika inafanana ajabu. Hao wa pili bado wako Aldabra, wakitembea kwa miguu.